Kochi Nalo ni Mtaji

Kwenye vikoba vya Moshi, vikundi vya kuweka na kukopa, iwe Majengo, Pasua au Kiboriloni, kikao cha wiki ambayo marejesho yamekwama huwa na sura yake. Mwanachama aliyeomba 600,000 mwezi wa kwanza kwa ajili ya belo la mitumba anasimama mwezi wa nne kueleza kwa nini hela imeishia kwenye kochi. Haombi radhi. Anaeleza, tena kwa utulivu: tajiri wa mabelo akija nyumbani akakuta viti vya plastiki hakukopeshi mzigo, kwa hiyo kochi nalo ni mtaji. Wenzake wanaguna, katibu anaandika faini, na kila mtu anaondoka akiamini kwamba kikundi kimedanganywa.

Mara nyingi hakijadanganywa. Angekuwa muongo kazi ingekuwa nyepesi, maana muongo anajua ukweli ameuficha wapi. Huyu ameshajishawishi mwenyewe kabla hajafika kikaoni. Sungura wa "sizitaki mbichi hizi" tunamcheka tangu utotoni, ila tunasahau kwamba alipoyatamka maneno yale hapakuwa na mtu wa kumdanganya. Alikuwa anajiambia mwenyewe.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, aliieleza hali hii mwaka 1957. Mtu akibeba mawazo mawili yanayogombana, kwa mfano "mimi ni mtu makini na hela" na "nimekula mtaji", anapata karaha ndani yake na atatafuta namna ya kuituliza. Anaweza kubadili tendo. Anaweza kubadili wazo. Anaweza pia kuongeza wazo la tatu la kuyapatanisha hayo mawili, kama lile la tajiri na viti vya plastiki. Sasa angalia: hela imeshatoka, kochi liko sebuleni. Tendo halibadiliki tena. Kilichobaki kulainika ni wazo, na ndilo linalolainika. Ndiyo maana sababu nzuri kabisa huja baada ya hela kutoka, si kabla.

Jaribio linalotajwa zaidi alilifanya yeye na James Carlsmith, likachapishwa mwaka 1959. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford walipewa kazi ya kuchosha kwa muda wa saa moja: kupanga na kupangua vibobini kwenye sinia, kisha kuzungusha vigingi 48 robo mzunguko, kimoja kimoja, bila mwisho. Baadaye waliombwa wamwambie mwenzao anayesubiri kwamba kazi ni tamu. Wengine walilipwa dola 1 kwa uongo huo, wengine dola 20. Walipoulizwa mwishoni, waliosema kazi ilikuwa ya kufurahisha zaidi ni wale wa dola 1. Mwenye 20 alikuwa na sababu mfukoni: nimesema kwa ajili ya hela. Mwenye 1 hakuwa na pa kujificha, akaona bora aipende kazi.

Tuwe waadilifu hapa. Elimu hii haikusimama palepale. Mwaka 2024 watafiti wa maabara 39 walirudia pamoja aina nyingine ya jaribio, ile ya kumtaka mtu aandike hoja asiyoiamini. Walioandika walisogea kuelekea walichoandika, lakini kuambiwa "una hiari" au kulazimishwa hakukuleta tofauti iliyotarajiwa. Kwa hiyo kisa cha dola 1 na 20 usikichukue kama sheria ya hesabu. Kwamba mkono ukishaandika moyo husogea, hilo limebaki, na ndilo linaloweza kutusaidia.

Dalili kwanza. Sababu ya kweli huwa moja na hukaa palepale. Mwulize mtu kwa nini amenunua mbolea, atakwambia mahindi yalikuwa ya njano. Mwulize kwa nini amenunua simu ya 700,000 wakati ada haijalipwa, atakupa nne: ile ya zamani ilikuwa inazima, ilikuwa punguzo, wateja wanatuma picha, na fulani kanunua ya milioni. Sababu zikizidi mbili, chunguza. Pima pia kama zinabadilika kulingana na msikilizaji, kwamba mke ameambiwa punguzo na kaka ameambiwa wateja. Na likija neno "hata fulani naye", hapo umefika penyewe. Kujilinganisha na aliyeharibu zaidi ndiyo dawa ya bei rahisi kuliko zote.

Ukimsikia mwenzio, ni rahisi. Kwako mwenyewe dalili hizi hazionekani, nyani haoni kundule, na kuzijua hakukupi kinga yoyote. Anayekwambia kwamba ukisoma makala kama hii utaacha kujitetea anakuuzia maneno. Kinachofanya kazi ni kuiwahi sababu: uiandike kabla ya tendo, wakati wazo bado halina deni la kulipa.

Chukua daftari la karatasi. Simu haifai, kwa sababu maandishi ya simu hufutika usiku bila kuacha alama. Andika mistari minne: kiasi, kazi ya hela hiyo, kipimo kitakachonifanya nisimame, tarehe ya kukiangalia. Mfano wa mwanachama wetu ungekuwa hivi: "600,000. Belo moja la watoto, nauli na ushuru wa meza soko la Memorial. Nikifika wiki ya sita sijarudisha 300,000, sinunui belo la pili. Naangalia Jumamosi ya sita." Weka sahihi, na mtu mwingine atie yake.

Mstari wa tatu ndio huharibika. Watu huandika "biashara ikiwa mbaya" au "mambo yakizidi". Maneno hayo hayana mpaka, na mtu akishaingia ndani atausogeza mpaka popote alipo yeye. Weka namba: shilingi, wiki, kilo, siku. Kosa la pili ni kumpa daftari atie sahihi mtu anayefaidika na tendo, kama anayekuuzia belo, au mwenzako wa kijiweni mwenye tatizo lilelile. Kosa la tatu ni kuacha nafasi ya "isipokuwa kwa dharura" bila kuitaja dharura yenyewe. Itaje: kulazwa hospitali, msiba wa nyumbani, basi. Usipoitaja, hata ubarikio wa mtoto wa jirani utaingia.

Waongozaji wa Mlima Kilimanjaro wanaijua hesabu hii kuliko wasomi. Mgeni amelipa maelfu ya dola, ameshawatangazia nyumbani kwao, na yuko kambi ya Barafu au Kibo akisubiri kuondoka saa sita usiku kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895. Kichwa kinamuuma. Ukimwuliza akiwa njiani gizani, atasema ni maji tu, ni jua la jana, ni usingizi. Anaamini kabisa. Ndiyo maana kipimo cha ugonjwa wa mwinuko huulizwa kwa namba, asubuhi na jioni: kichwa, tumbo, uchovu na kizunguzungu, kila kimoja kuanzia 0 hadi 3. Jumla ikifika 3 na kichwa kikiwemo, ni ugonjwa wa mwinuko, hapandi zaidi mpaka apate nafuu. Akianza kuyumba kama mlevi au kukosa pumzi akiwa amekaa, anashushwa hapo hapo bila kusubiri kuche. Mwongozaji makini humaliza mazungumzo hayo alasiri, mgeni akiwa na chai mkononi, wakikubaliana kwa sauti ni nini kitakachowarudisha. Akisubiri mpaka kilele kianze kuonekana, ajue anashindana na dola zote zilizolipwa.

Kubeti ni ndugu wa karibu. Mwaka 1968 Robert Knox na James Inkster walitoa utafiti wa wacheza kamari kwenye mbio za farasi huko Vancouver, Kanada: waliokwisha kuweka dola zao 2 dirishani walikuwa na uhakika mkubwa kuliko waliokuwa bado foleni wakisubiri kuweka. Farasi ni walewale, na zilikuwa zimepita sekunde chache tu. Kama mkeka wako unaonekana mtamu zaidi baada ya kulipia, sasa unajua utamu umetoka wapi.

Pikipiki iliyochoka inahitaji hesabu ya namna nyingine, kwa kuwa pale tendo lilishafanyika zamani. Tuseme injini imekufa na fundi anataka 650,000. Ilivyo sasa inauzika 900,000. Ikitengenezwa ni ya 1,400,000. Ukiiuza na kuongeza 500,000 unapata nyingine ya hali hiyohiyo, wakati kuitengeneza kunakutoa 650,000. Unaiuza. Zile 1,100,000 ulizozamisha mwaka jana kwenye gia na mnyororo hazimo mahali popote kwenye hesabu hii, lakini ndizo zinazopiga kelele kuliko namba zote: "Nimeshatia hela nyingi, siwezi kuiachia." Swali la kuzinyamazisha ni hili: pikipiki hii ingekuwa ya mtu mwingine, ikiwa imelala hivi hivi, ningetoa 900,000 kuichukua? Jibu ukiwa umeandika namba, si ukiwa umesimama mbele yake. Waliobadilisha gia kwa mikono yao wana kazi zaidi, kwa kuwa jasho nalo hudai lisiwe limepotea bure.

Kuhusu faini, vikundi vingi hukimbilia kupandisha, na huwa ninatofautiana nao. Huko Haifa, Israeli, vituo vya kulelea watoto viliweka faini kwa wazazi wanaochelewa kuwachukua watoto. Kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2000, kuchelewa kuliongezeka, na faini ilipoondolewa hakukurudi chini. Faini iligeuka bei. Mwanachama akilipa 2,000 kwa kuchelewesha rejesho, ameshapata wazo la tatu la kumtuliza: nimelipa, tumemalizana. Faini ibaki ndogo, na mchelewaji aeleze kwa mdomo, kwa sentensi mbili, rejesho linaingia lini. Kikao kisipokee maelezo ya kwa nini. Ukimpa nafasi ya "kwa nini" unamkaribisha atengeneze sababu mbele ya watu, na akishaitamka hadharani ataitetea mpaka mwisho wa mzunguko.

Kumwaibisha ndiyo njia inayoshindwa kuliko zote. Mgogoro wa mtu huyu ni kati ya kosa lake na heshima yake. Ukiishambulia heshima, anakuwa na zaidi ya kulinda. Mwanasaikolojia Claude Steele alionyesha mwaka 1988 kwamba mtu akikumbushwa kwanza jambo jingine analolithamini na analolifanya vizuri, haja ya kujitetea hupungua. Kwa lugha ya kikaoni: "Mama Neema, mwaka jana ulishika sanduku miezi sita halikupungua hata mia. Sasa tuone hili la sasa." Iwe kweli lakini. Sifa ya uongo inanuka, na atakujua.

Kuna mbinu nyingine yenye nguvu zaidi na hatari zaidi. Mwaka 1992 watafiti wa Santa Cruz, California, waliwaomba waogeleaji watie sahihi bango la kuhimiza kubana maji, kisha wajibu maswali machache yaliyowakumbusha jinsi wao wenyewe walivyoyamwaga. Waliofanyiwa yote mawili walioga kwa muda mfupi kuliko wengine. Kwenye vikoba, mpe mchelewaji kazi ya kuwafundisha wanachama wapya umuhimu wa marejesho, kisha yeye peke yake, nyumbani, aorodheshe wiki zake alizoruka. Orodha hiyo isisomwe na mtu. Ikisomwa kikaoni imekuwa aibu, na utapata mtu anayesema mfumo wa marejesho wenyewe ni mbovu, akiwa na wafuasi watatu ukifika mwezi wa sita.

Tukirudi kwa mwenye kochi. Amesharudisha 120,000, zimebaki 480,000. Kikao kisimuulize tena kama kochi ni mtaji au si mtaji. Katibu afungue ukurasa mpya, mwanachama aandike kwa mkono wake mwenyewe: 30,000 kila wiki kwa wiki 16, kuanzia Jumamosi hii, na kwamba akikosa wiki mbili mfululizo hisa zake zinashika nafasi ya deni. Aisome kwa sauti mara moja, atie sahihi, na mdhamini wake naye atie. Kisha ajenda inayofuata.