Maswali yenu: kuku wa kizungu, nyanya na hadithi za shambani

*Mama wa Katuba, Lubumbashi: Kuku wa kizungu yuko tayari kwa sufuria baada ya wiki sita tu. Hachomwi sindano ya kumnenepesha? Watoto wangu wanamla.*

Hapana, Mama. Kifaranga hupewa chanjo, mara nyingi kwenye maji ya kunywa. Kasi yake inatoka kwa wazazi waliochaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa sababu walikua upesi, pamoja na chakula cha mahindi na soya. Homoni ya ukuaji hata ikichanganywa na chakula, tumbo huisaga kama protini nyingine yoyote. La kumuuliza mfugaji ni hili: umewapa antibiotiki lini, na umengoja siku ngapi kabla ya kuuza? Hapo wasiwasi wako una msingi.

Hayo tuliyaweka kwenye mchezo wa redio, mtaalamu wa kilimo akaeleza dakika nane mfululizo. Akina mama tuliowasikilizisha wakarudi kuchambua sombe yao, majani ya muhogo. Tukaandika upya: usiku wa kwanza wa vifaranga, umeme umekatika, mfugaji anawasha mbabula, jiko la makaa, na kutega sikio. Wakilia kwa nguvu huku wamerundikana, baridi imewaingia. Wakikimbilia pembeni na kuhema, joto limezidi. Safari hii sombe ilingoja. Mtu aliyekesha na mfugaji usiku ule humsikiliza pia anapozungumzia chanjo.

*Kijana wa mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi: Hadithi za shambani ziende kwa redio au video?*

Redio, au sauti za WhatsApp za dakika tatu, kwa anayesonga bukari, yaani ugali, na mikono haina nafasi. Video kwa kitu ambacho lazima kionekane.

*Mwanafunzi wa Kasapa: Mahindi ya mbegu za dukani ndiyo yale yaliyobadilishwa jeni?*

Kuna mbegu za namna hiyo duniani, lakini hizo za dukani unazoziona ni chotara, na chotara ni jambo jingine. Chotara ni mtoto wa aina mbili za mahindi zilizopandishwa shambani, chavua ya moja juu ya nyingine. Ukipanda tena punje zake, mazao hushuka, ndiyo maana mkulima hurudi dukani kila mvua za Novemba zinapokaribia. Rangi nyekundu unayoiona kwenye mbegu ni ya dawa ya kuilinda udongoni, na mbegu hiyo hailiwi kamwe. Nikiandika hadithi yake, nitaanzia kwa bibi anayemnyang'anya mjukuu punje hizo mkononi.

*Mkulima wa barabara ya Kipushi: Ninarekodi video za nyanya zangu. Nionyeshe ninapopiga dawa? Wateja watakimbia.*

Onyesha, ndugu yangu. Wateja wanajua nyanya hupigwa dawa. Wakiona umeificha, watafikiria mabaya zaidi. Isogeze kamera kwenye chupa, pale kibandiko kinapotaja siku za kungoja kabla ya kuvuna, kwa maana kila dawa ina zake. Tuone glavu, tuone mkono wako ukiandika tarehe kwa makaa kwenye ubao wa ghala. Kisha mnunuzi afike na gari kabla ya siku hizo kwisha, pesa mkononi, na wewe umwambie arudi Alhamisi. Nyanya zimeiva, wewe una karo ya shule ya kulipa, naye anageuza gari. Usiikate sehemu hiyo. Lakini kama kweli huwa unamuuzia, usirekodi kwanza, anza kungoja.