Pesa za fundo la kanga zilizookotwa bandarini

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mchukuzi bandarini Mkoani, Pemba. Miezi miwili iliyopita, boti ya kutoka Unguja ilipokwisha kushusha abiria, niliokota kipande cha kanga kimefungwa fundo, ndani mna pesa. Nilikiinua kwa nia ya kumtafuta mwenyewe, lakini sikumwambia mtu. Baadaye mtoto akaumwa, nikachota 50,000. Wenzangu wananambia hiyo ni riziki yangu. Mimi nataka nizitoe sadaka msikitini yaishe. Inafaa?

JIBU: Wa alaykumus salaam. Kiasi chote ulichoniandikia, na jina la kanga, nimeviondoa katika swali kwa makusudi, na wewe usimtajie mtu yeyote. Katika Hadithi ya Zayd bin Khalid, iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliulizwa juu ya kilichookotwa, akaamrisha kitambuliwe kifuko chake na kamba yake, kisha kitangazwe mwaka mmoja. Fundo lako ndiyo hiyo kamba. Atakayekuja muulize: pesa ngapi, noti zipi, kanga rangi gani, imeandikwa nini? Mama aliyeifunga kwa mkono wake hatababaika.

Sadaka hapana, bado. Huwezi kumtolea mtu sadaka kwa mali anayoitafuta usiku na mchana. Pengine ndiyo nauli, au pesa za mgonjwa. Na miezi miwili uliyonyamaza haihesabiki. Mwaka unaanza siku utakapoanza kutangaza.

Zile 50,000 ni deni shingoni mwako. Pole kwa mtoto, mwanangu, lakini shida haikuzihalalisha. Zirudishe kwenye kile kitambaa, hata kidogo kidogo, na kuanzia leo washuhudishe watu wawili waadilifu. Ukifa usiku huu, nani atajua kuwa zile si zako?

Mafakihi wetu, wanazuoni wa sheria wa madhehebu ya Shafi, wanasema utangaze mwanzoni kila siku, kisha kila wiki, kisha kila mwezi. Tangaza hapo bandarini, sokoni, na kwa kuwa abiria wengine hurudi, mtume mtu atangaze na Malindi kule Unguja. Mjulishe sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, na polisi pia: hata kwa sheria ya nchi, anayejitwalia cha kuokota huku mwenyewe anaweza kupatikana, anaweza kushitakiwa kwa wizi.

Mwaka ukipita bila mwenyewe kutokea, unaruhusiwa kuzimiliki, au kuzitoa sadaka kama ulivyotaka. Lakini akija hata baada ya miaka mitano, akataja alama zake, utamlipa.

Msikitini tangaza mlangoni, si ndani, Mtume (s.a.w.) amekataza kutafutia kilichopotea ndani ya msikiti. Ijumaa hii watu wakitoka, simama nje penye viatu, useme: nimeokota pesa bandarini, aliyepoteza aje na alama zake. Usiongeze neno.

Wallahu aalam.