Anza na mchezo usioujua

Ukiingia ukumbini kwetu Jumamosi asubuhi, kitu cha kwanza utakachokiona si mpira wala wavu. Ni miguu. Miguu bandia saba, siku nyingine tisa, imeegeshwa ukutani kwa safu, yote imevishwa viatu. Mmoja una raba nyeupe pe kuliko za mtu yeyote aliyepo. Mwenyewe husema mguu ule hautoki jasho, ndiyo maana raba haichakai. Wenye miguu wako sakafuni wanapigiana kelele.

Wangu wa kushoto niliuacha Juba ya Chini, Somalia, mwaka 2014, chini kidogo ya goti. Bomu lilifukiwa kando ya barabara, sisi tulikuwa gari la pili. Hapo sitakaa sana, wanaojua wanajua. Ninachotaka kueleza ni kosa nililolifanya baadaye, kwa sababu kila mwaka namwona kijana mwingine akilifanya.

Kambini nilikuwa mkimbiaji. Si wa kuwakilisha nchi, lakini kwenye mbio za nyika jina langu lilitajwa. Kwa hiyo nilipokabidhiwa mguu bandia, nilichowaza ni kukimbia. Ulikuwa mguu wa kutembelea, mzito, unyayo wake mgumu. Mtaalamu aliyenipima aliniambia waziwazi kwamba wa kukimbilia ni mwingine kabisa, ule uliopinda kama ndoana. Sikumsikia. Nikaenda uwanjani alfajiri, peke yangu, nikazunguka mara moja, mita 400.

Afadhali ningeanguka. Nilimaliza, nikaitazama saa: dakika 3 na sekunde 40. Zamani mzunguko ule niliumaliza kwa dakika moja na robo huku napiga soga. Kigutu kilichubuka, kikatunga usaha, mguu ukakaa nyuma ya kabati wiki sita. Kidonda kilipopona nikaendelea kukaa ndani. Mke wangu akiniletea chai, najifanya nimelala.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo: usianze na mchezo uliokuwa ukiuweza. Utakuwa unashindana na yule uliyekuwa, na yeye hachoki wala haumwi. Utaurudia baadaye ukitaka. Kwanza tafuta mchezo ambao hujawahi kuugusa.

Aliyenitoa nyumbani ni koplo mstaafu asiye na miguu yote miwili. Alinipigia simu, hakuniuliza hali wala hakunipa pole. "Afande, tuko watano, timu ni sita. Njoo ukae tu utimize idadi."

Mpira wa wavu wa kukaa, ukiutazama kwa mbali, unaonekana mchezo wa watoto. Uwanja ni mita 10 kwa 6, na wavu wa wanaume una kimo cha mita 1.15 tu. Lakini ukiupiga mpira makalio yawe chini. Ukiinuka kidogo, filimbi. Na unasogea kwa mikono, mikono hiyohiyo inayotakiwa juu mpira ukifika. Nilidhani mabega ya jeshi yatanisaidia. Mpira wangu wa kuanzisha wa kwanza ulikwama wavuni. Wa pili ukavuka, na mzee mmoja upande wa pili akauzuia palepale juu ya wavu, ukarudi ukanipiga puani. Sikujua kwamba katika mchezo huu kuzuia mpira wa kuanzisha kunaruhusiwa. Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nikacheka. Sikuwa na rekodi yoyote ya kuniaibisha. Sikuwa nimewahi kucheza nimekaa.

Jambo jingine, na hili linanitia haya. Nilitaka kukaa na wanajeshi wenzangu tu. Kuna kijana aliyekatwa mguu baada ya ajali ya bodaboda, nami moyoni niliona jeraha lake si sawa na langu. Bahati mbaya, au nzuri, ndiye fundi wa kupandisha mpira kuliko wote. Usipoelewana naye hupati cha kupiga. Ndipo kocha akatusimulia habari za Rwanda. Timu yao ya wanaume ilicheza Paralimpiki ya London 2012, ya kwanza katika mchezo huu kutoka Afrika kusini mwa Sahara, na ndani yake walikuwamo Dominique Bizimana na Jean Rukundo, waliopigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yao pande tofauti, kila mmoja akapoteza mguu. Watu hao wakipeana pasi, mimi namnunia bodaboda kwa lipi?

Ya kiufundi nitayapitisha haraka. Kila usiku kitazame kigutu kwa kioo, hasa nyuma. Wekundu usioondoka baada ya nusu saa maana yake kesho huvai mguu. Beba soksi ya ziada ya kuvika kigutu, kwani kigutu husinyaa kadiri siku inavyosonga na mguu kuanza kucheza. Wiki za mwanzo viganja vitatoka malengelenge. Viti vya magurudumu vya kuchezea mpira wa kikapu ni ghali mno. Anza na mchezo unaodai sakafu tu. Na usidanganywe kwamba michezo huondoa ndoto mbaya. Zangu bado zinakuja, na mshauri nasaha bado namwona kila Jumatano.

Jumamosi iliyopita alikuja kijana, nywele bado za kijeshi, suruali ndefu kwenye joto lote lile. Alisimama mlangoni akiitazama ile miguu ukutani, mkono mmoja kwenye kitasa. Nilijiburuta hadi pembeni mwa uwanja nikamwita.

"Wewe, ingia basi. Tuko watano, tunakosa mmoja."

Tulikuwa wanane.