Kwa saisi mpya: farasi mwoga humzoea anayejua kuondoka

Farasi wengi wanaofika kwetu Mombasa hutoka bara. Wengine walikimbia mashindano ya Ngong mpaka wakastaafishwa. Hao wameshikwa sana, ingawa si kila mara kwa upole. Wengine wametoka mashamba makubwa ya Laikipia au Naivasha, wamekulia malishoni na mama zao, na binadamu wamemjua kwa siku chache tu: siku ya dawa ya minyoo, siku ya sindano, siku ya kupakiwa kwenye lori. Siku zote hizo binadamu alikuja na kamba na haraka. Hawa wa pili ndio ninaowazungumzia, kwa sababu wewe kijana uliyepata kazi zizini Bamburi, Shanzu au Mtwapa utakabidhiwa mmoja wao na kuambiwa, "Mzoeshe huyu, msimu wa watalii umekaribia."

Kabla hujashika kamba, elewa hili. Kila hatua unayomsogelea farasi mwoga unambana, hata kama mikono yako mitupu. Macho yako yanambana, kifua ulichomwelekezea kinambana. Anachojifunza hakitokani na ule mbano. Kinatokana na wakati ulipomwachia. Alichokuwa akifanya pale ulipomwachia ndicho anachokiweka akilini kwamba kilimwokoa. Ukirudi nyuma wakati amesimama anakutazama, atasimama tena kesho. Ukirudi nyuma wakati anatimka, umemlipa kwa kutimka. Kazi yote ya chini, kabla mtu hajapanda mgongoni, imejengwa hapo.

Ingia bomani alfajiri, jua halijapanda na tuktuk hazijaanza kelele zake barabarani. Mchana wetu humtoa jasho farasi wa bara hata akiwa amesimama, na aliyelemewa na joto hana nafasi ya kujifunza. Mwenzake mtulivu awe boma la jirani ambapo anaweza kumwona. Farasi ni mnyama wa kundi. Ukimtenga, huwezi kujua anakuogopa wewe au anaogopa upweke.

Msogelee kwa kupinda, ukielekea begani. Macho yake yako pembeni mwa kichwa na huona karibu pande zote, takriban nyuzi 350, lakini haoni nyuma kabisa ya mkia wala kipande kidogo mbele ya paji la uso. Ukitokea nyuma yake kimya, jibu lake ni teke, na huna haki ya kumlaumu. Zungumza naye. Kiswahili, Kigiriama, chochote ulicho nacho, mradi sauti iwe ya chini na isikatike ghafla.

Sasa mtazame vizuri, maana sehemu hii ndiyo yenye kazi yenyewe. Farasi hatimki bila kutoa taarifa. Kwanza sikio la upande wako hukaza, kisha shingo hupanda, kisha uzito wa mwili huhamia mguu ulio mbali nawe. Ukiliona sikio tu, simama. Usingoje mguu. Toa pumzi, shusha mabega, tazama mchangani. Subiri. Akiligeuza jicho kwako na shingo ikalegea hata kidogo, mpe mgongo uende zako hatua tatu nne. Ndiyo, uondoke, hata kama ulibakiwa na nafasi ya mkono mmoja kumfikia. Vijana wengi hushindwa hapa. Wakiona farasi ametulia hudhani mlango umefunguka, wanamrukia shingoni. Siku hiyo farasi amejifunza kwamba kutulia ndiko kunakomfanya akamatwe, na utakuwa na kazi kubwa ya kumfuta somo hilo.

Akitimka, usimfukuze, na usikimbilie mlangoni pia. Tembea taratibu upande ule anaoelekea, kwa mbali, bila kumtolea macho. Atasimama mwenyewe. Mara tu anaposimama, nawe simama, kisha rudi nyuma. Rudia hivyo kwa muda mfupi, mpumzishe, urudi jioni. Asubuhi fulani utakapogeuka kuondoka utasikia kwato zikikufuata. Usigeuke ghafla kumshangilia.

Tofautisha pia farasi aliyetulia na aliyeganda. Kuna anayesimama tuli kabisa kwa sababu hofu imemzidi, na saisi mgeni humsifu: "Huyu mpole." Mtazame pua: zimekazwa. Jicho halipepesi, masikio hayazunguki, mdomo umebanwa, mwili mgumu kama gogo. Ukiendelea kumshika hapo atalipuka bila ile taarifa niliyokutajia, na ndipo watu huumia. Mwachie nafasi hadi apepese, ashushe kichwa, apulize pua. Kulamba midomo na kutafuna hewa huja mara nyingi pale hofu inaposhuka, lakini usikuchukulie kama ahadi ya utii. Kunakueleza tu kwamba alikuwa amebanwa na sasa amepata nafuu. Jiulize ni nini kilikuwa kimembana.

Pa kwanza kumgusa ni pale shingo inapoungana na mgongo, penye mfupa ulioinuka. Farasi wenyewe hukunana hapo kwa meno wakiwa malishoni, na imepimwa kwamba kukunwa hapo hushusha mapigo ya moyo. Farasi mzima aliyepumzika moyo wake hupiga kati ya mara 28 na 44 kwa dakika, hivyo ukija kuzoeana naye, weka vidole chini ya taya ujihesabie mwenyewe kama amepumzika kweli. Mkune, usimpige makofi ya begani. Sijui nani aliwafundisha watu kwamba farasi hupenda kupigwapigwa. Ondoa mkono wewe kabla hajauchoka. Akisogea hatua moja wakati unamgusa, mkono umfuate kwa wepesi bila kushika, utoke atakaposimama. Akiondoka kabisa, mwache aende. Ukimaliza upande wa kushoto, anza upya upande wa kulia kana kwamba hajawahi kukuona, maana alichokizoea kwa jicho moja bado kinaweza kumgutusha kwa lingine.

Chakula kiweke kwenye ndoo au karai. Karoti mkononi humleta haraka, lakini hujaondoa hofu, umeifunika kwa njaa, na baada ya muda mfupi unakuwa na mnyama mwoga anayeuma vidole.

Kamba iwe ya pamba, nene, urefu wa mita tatu na nusu hadi nne. Ikunje mkononi, usiizungushe kiganjani kamwe: farasi wa kilo 450 akiruka atakwenda na vidole vyako. Ikaze kidogo, ungoje, na akileta kichwa upande wako hata kwa inchi moja, ilegeze papo hapo. Mkichezeana kuvutana, yeye atashinda kila siku. Wala usimfunge nguzoni kabla hajajifunza kuifuata kamba. Akiwa tayari, pitisha kamba kwenye kitanzi cha uzi wa katani unaokatika, ili akishtuka uzi ukatike, shingo isivunjike. Kumsogeza makalio hatua moja pembeni kwa kuutazama mguu wa nyuma na kuzungusha ncha ya kamba, kumrudisha nyuma, kumshusha kichwa kwa kidole: mambo hayo hufuata kanuni ile ile, bana kidogo, mwachie mapema. La kwanza ndilo muhimu zaidi kwa usalama wako, kwa sababu farasi aliyejifunza kukuelekezea uso ameyapeleka mateke mbali nawe.

Kwa jambo la daktari usichelewe. Hapa kuna visubi vinavyoeneza ugonjwa hatari wa farasi uitwao African horse sickness, na kuna mbung'o kwenye misitu ya Pwani, kwa hiyo chanjo na sindano haziepukiki. Mzoeshe kufinywa ngozi ya shingo, kuguswa kwa kizibo cha kalamu, kusikia harufu ya spiriti, wiki nyingi kabla ya siku yenyewe. Farasi anayehitaji wanaume wanne kumshika apate dawa hajazoeshwa bado, hata kama tayari anabeba watu. Miguu vilevile: fundi wa kwato huja kila baada ya wiki sita hadi nane, na asiwe yeye wa kwanza kuinua mguu.

Halafu kuna vitisho vya kwetu ambavyo bara havikuwepo. Makuti yanayolia upepo wa kusi ukivuma, nazi inayodondoka, leso iliyoanikwa, mfuko wa plastiki mchangani, kaa anayekatiza mbele ya kwato. Tena ngamia, ambao farasi asiyewajua huogopa hata harufu yao, na pale ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta hutawakosa. Anza na leso, ukiishika mbali kiasi kwamba anaiona lakini bado anapumua vizuri. Akishusha kichwa, ishushe. Usimfunge na kumpepea usoni mpaka achoke. Huko ni kumgandisha. Ngamia mwonyeshe kwa mbali sana, upepo ukitoka kwake kwenda kwa ngamia, na umgeuze kabla hajageuka mwenyewe.

Bahari iwe ya mwisho. Chagua asubuhi ya maji kupwa, mchanga ukiwa mgumu na mpana. Siku za bamvu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na hutaki kubanwa kati ya mawimbi na ukuta wa hoteli pamoja na farasi aliyeshtuka. Nenda na farasi mzee anayeyajua mawimbi, umweke upande wa bahari, mgeni wako awe upande wa nchi kavu. Asipandwe na mtu siku hiyo. Mtembeze, mruhusu asimame kutazama povu kwa muda anaoutaka, na mrudi zizini angali anataka kuendelea. Mkifika, mwoshe chumvi miguuni kwa maji ya bomba, kagua kwato kama kuna kipande cha matumbawe, na mwenye zizi akikuuliza mbona hamkufika mbali, mwambie kesho mtafika mbali zaidi kidogo.