Mafuvu marefu ya Paracas ni ya watu kama sisi

Umeuliza kama mafuvu marefu ya Paracas, kule Peru, ni ya viumbe wa sayari nyingine. Hapana, ni ya watu. Mwanaakiolojia Julio C. Tello, Mperu mwenyewe, alifukua makaburi yao miaka ya 1920, na maiti walikuwa wamezungushiwa nguo za kufuma nzuri mno. Inaniuma wanaponyimwa ubinadamu wao hivi.

Mguse mtoto mchanga utosini, pale panapodunda, utaelewa vichwa vyao vilirefushwaje. Mifupa ya kichwa bado haijaungana. Akifungwa kitambaa au vibao kichwani kwa miezi mingi, ubongo unaendelea kukua na kuusukuma mfupa kuelekea upande ulioachwa huru. Umbo linabadilika; nafasi ya ubongo ndani haibadiliki sana. Wala si lazima twende Peru: Wamangbetu wa kaskazini mashariki mwa Kongo walifanya hivyo hadi karne ya 20, wakiita lipombo. Picha zao zipo, na kwao kichwa kirefu kilikuwa uzuri na heshima.

Fuvu moja moja la ajabu huweza kuwa na sababu nyingine: mishono ya mifupa kuziba mapema, maji kujaa kichwani (tunaita kichwa kikubwa), hata uzito wa udongo kaburini. Lakini ukikuta mafuvu mengi ya umbo lilelile sehemu moja, hiyo ni desturi ya watu, si ugonjwa.