Umebadilishia wapi? Maswali ya wasomaji kuhusu WordPress

Karibu kila swali la safari hii lina mzizi mmoja: muulizaji hakujua alichokigusa kinakaa wapi. Tovuti ya WordPress, programu ya kutengenezea na kuendeshea tovuti, ina pande mbili. Upande mmoja ni mafaili: programu yenyewe, themu (sura ya tovuti), plagini (nyongeza za kazi), na picha zilizo kwenye folda ya wp-content/uploads. Upande wa pili ni hifadhidata, inayotunza makala, menyu na karibu mipangilio yote unayoigusa kwenye dashibodi, yaani kurasa za usimamizi.

Nilibadilisha maneno ya chini ya ukurasa na rangi ya kichwa kwa kuhariri mafaili ya themu. Nimesasisha themu, vyote vimefutika. Vitarudi?

Vitarudi kama una nakala ya akiba, au kama kampuni inayokuhifadhia tovuti inazo. Bila hiyo, basi tena. Kusasisha themu ni kuondoa folda yake na kuweka mpya mahali pake. Cha kwako hakichanganywi na kipya.

Ukiyaandika upya, yaandike kwenye themu mtoto, yaani themu ndogo inayobeba mabadiliko yako tu na kuchukua mengine yote kwa themu mama. Tuseme unatumia Twenty Twenty-One. Ndani ya wp-content/themes tengeneza folda, iite twentytwentyone-mtoto, kisha weka humo faili la style.css linaloanza hivi:

/*
Theme Name: Mtoto
Template: twentytwentyone
*/

Kinachofuata neno Template ni jina la folda ya themu mama, si lile jina linaloonekana kwenye dashibodi. Ukikosea herufi moja, hata kubwa kwa ndogo, utaambiwa themu mama haipo. Baada ya hapo nakili footer.php peke yake kutoka kwa mama, ihariri ndani ya folda ya mtoto, kisha washa themu mtoto. Wanaonakili folda nzima hujipunja: marekebisho ambayo watengenezaji wanayafanya kwa mama hayatawafikia tena.

Kuna mitego miwili. Kwanza, mitindo utakayoandika kwenye style.css ya mtoto haitasomwa, kwa themu hii na nyingine nyingi, mpaka uiite kwa wp_enqueue_style (amri ya kupakia faili la mitindo) ndani ya functions.php ya mtoto. Pili, functions.php haifuati kanuni ya mafaili mengine. Footer.php ya mtoto huchukua nafasi ya ile ya mama, lakini functions.php za wote wawili husomwa, ya mtoto ikitangulia. Ukiinakili nzima, kazi ileile (function) hutangazwa mara mbili na tovuti huanguka kwa kosa la "Cannot redeclare". Anza na faili tupu.

Kama shida yako ni rangi tu, huhitaji mtoto. Fungua Appearance, kisha Customize, kisha Additional CSS. Ukiandika hapo inaingia kwenye hifadhidata, na kusasisha themu hakuigusi. Wenye themu za bloku (zinazopangwa kwa vipande ndani ya dashibodi) wana nafuu zaidi, maana wanachobadilisha kupitia Site Editor nacho hukaa kwenye hifadhidata.

Ukurasa wa mwanzo unafunguka, lakini kila makala inasema 404 (ukurasa haupatikani).

Makala zipo, njia ya kuzifikia ndiyo iliyokatika. Nenda Settings, kisha Permalinks, usibadilishe chochote, bonyeza Save Changes. Kwenye seva inayotumia programu ya Apache, hatua hiyo huandika upya kanuni za faili la .htaccess, linaloielekeza seva njia za kurasa. Likigoma, angalia ruhusa za mafaili: kwa kawaida folda ni 755 na mafaili ni 644.

Nilibandika msimbo niliotumiwa kwa WhatsApp kwenye functions.php. Sasa hata dashibodi haifunguki.

Hapa huhitaji dashibodi. Ingia kwenye paneli ya hosti (kampuni inayokuhifadhia tovuti), fungua File Manager, futa mistari uliyoongeza. Kama chanzo ni plagini, badilisha jina la folda yake, na WordPress itaizima. Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, hitilafu ya namna hii hutumiwa pia kwa barua pepe ya msimamizi pamoja na kiungo cha kuingilia, ila seva nyingi hutuma barua hizo vibaya. Tazama hata kwenye barua taka.

Ukitaka kujua mstari wenye kosa, fungua wp-config.php, utafute WP_DEBUG (swichi ya kuonyesha makosa) iliyopo tayari na uifanye true (usiongeze ya pili). Chini yake weka:

define( 'WP_DEBUG_LOG', true );
define( 'WP_DEBUG_DISPLAY', false );

Soma wp-content/debug.log, kisha ulifute faili hilo na urudishe WP_DEBUG kuwa false, kwa kuwa wageni wanaweza kulifungua. Mara nyingi utakuta mkosaji ni alama za kunukuu zilizopindwa na simu. PHP, lugha iliyoandikiwa WordPress, inataka zilizonyooka.

Nilipanga makala itoke saa kumi na mbili asubuhi, ikatoka saa tatu.

Kuchelewa kwa saa tatu kamili ni dalili ya tovuti iliyobaki kwenye UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Settings, General, Timezone: chagua Dar es Salaam au Nairobi. Na saa kumi na mbili asubuhi andika 06:00. Wapo wanaojaza 12:00 kisha wakamlaumu mtambo.

Ikiendelea kuchelewa bila mpangilio, kumbuka ratiba ya WordPress huamka pale tu mgeni anapofungua ukurasa. Blogu isiyo na watu alfajiri hulala. Weka cron ya seva (kipanga ratiba chake) iite wp-cron.php kila dakika 15.

Nimehamia domeni mpya kwa kubadilisha anwani zote ndani ya phpMyAdmin (zana ya kuhariri hifadhidata). Wijeti zimepotea.

Baadhi ya mipangilio huhifadhiwa pamoja na idadi ya herufi zake, mfano s:18:"http://zamani.test". Ukiweka https://mpya.test, herufi ni 17 lakini hesabu inabaki 18, na PHP inakataa kuusoma mpangilio wote. Rudisha nakala ya hifadhidata ya kabla ya kuhama, kisha tumia WP-CLI, zana ya kuendesha WordPress kwa amri za maandishi, inayorekebisha hesabu yenyewe:

wp search-replace 'http://zamani.test' 'https://mpya.test' --skip-columns=guid --dry-run

Huo ni mzunguko wa majaribio. Ukiridhika na orodha inayotokea, ondoa --dry-run.

Themu ya kulipia niliyoipata bure Telegram ina ubaya gani?

Aliyeivunja kufuli ameshika mafaili yake yote kabla yako, na themu huendesha PHP kwenye seva yako. Ifute, badilisha manenosiri yote, pamoja na la hifadhidata, na ukague orodha ya watumiaji kama kuna msimamizi usiyemfahamu.