Kabla hujagusa pampu, pima nozeli

Vijana wengi wanaoingia kwenye ufundi wa dizeli hukimbilia pampu inayosukuma mafuta, wakaisahau nozeli inayoyapuliza ndani ya silinda. Lori linaletwa gereji, dereva analalamika kwamba likibeba mzigo halipandi mlima Kitonga, na moshi mweusi unafuka njia nzima. Fundi mgeni anashika spana, anaifungua kidogo skrubu ya kuongeza mafuta, gari linachangamka kwa siku chache, na mwenye gari analipa. Nawaomba, wadogo zangu, msijizoeze kazi ya namna hiyo. Moshi mweusi ni dizeli iliyokwisha kuingia kwenye silinda ikashindwa kuungua vizuri. Ukiongeza nyingine juu yake unazidisha hasara, na joto lake litamalizia kwenye kichwa cha pistoni.

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche ya kuwasha mafuta. Pistoni hubana hewa hadi ikawa ya moto kiasi kwamba mafuta yakipulizwa humo yanawaka yenyewe. Ila ni lazima yaingie kama ukungu. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, mzunguko mzima ni kama sekunde 0.03, na muda wa kupuliza ni kipande kidogo tu cha hapo. Tone kubwa halina muda wa kugeuka mvuke. Linaungua kwa kuchelewa, pistoni ikiwa tayari inashuka, na nguvu iliyotakiwa kuzungusha krenki, ule mhimili wa injini, inatokea ekzosi kama joto na masizi. Tone likigonga ukuta wa silinda linaosha oili, ringi zinasuguana kavu, na dizeli inateremka hadi kwenye oili ya injini. Chomoa dipustiki unuse: oili ikinuka dizeli na kimo kimepanda, usimruhusu mteja aondoke.

Kumtambua mgonjwa ni rahisi kwenye injini za pampu ya zamani. Injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, legeza nati ya paipu ya nozeli moja, sikiliza, kisha kaza uende nyingine. Mlio ukidorora, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Usipobadilika, hapo pana tatizo, ingawa bado hujajua kama ni nozeli, valvu au kompresheni. Hamisha nozeli hiyo kwenye silinda ya jirani. Ugonjwa ukihama nayo, umepata jibu.

Kwenye injini za komoni reli, zile ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja la presha kubwa, usijaribu kulegeza paipu hata siku moja. Presha yake inaweza kupita baa 1,600, na mafuta ya kasi hiyo yanatoboa ngozi. Hata kwenye mashine ya mkono ya kupimia nozeli, usiweke kidole mbele ya nozeli. Hata tundu kwenye ngozi likionekana dogo na lisiloumiza, nenda hospitali saa hiyohiyo, maana dizeli iliyoingia ndani ya nyama inaweza kukukatisha mkono.

Ukiwa kwenye mashine hiyo, angalia mambo matatu na usiyaharakishe. Kwanza presha ya kufungua. Nozeli za injini zenye chemba ya pembeni nyingi hufungua kati ya baa 100 na 150, na zile za kupuliza moja kwa moja juu ya pistoni huwa juu zaidi, ila namba ya kufuata ni ya kitabu cha injini husika. Springi ikichoka presha inashuka, mafuta yanaingia mapema na kwa matone makubwa. Pili, umbo la ukungu: lisiwe na mchirizi wala lisielemee upande mmoja. Nozeli nyingi za zamani zikiwa nzima hulia krrr ukisukuma mkono wa mashine. Tatu, shikilia presha chini kidogo ya ile ya kufungua kwa sekunde 10, kisha tazama ncha. Ikining'iniza tone, haifai kurudi kwenye gari.

Sindano iliyo ndani ya nozeli na mwili wake zimesagwa pamoja. Nafasi kati yao ni sehemu chache tu za elfu moja za milimita. Ukisafisha nozeli nne kwenye bakuli moja ukazichanganya, umeziua zote. Ncha isuguliwe kwa brashi ya shaba, si ya chuma. Unaporudisha, weka washa mpya, ile ringi bapa ya chini ya nozeli, na umulike tundu kwanza: ile ya zamani hupenda kubaki chini, ukiweka nyingine juu yake ncha inakaa mahali pasipo pake.

Kisha muulize mwenye gari anajaza wapi. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye dizeli hupunguza ulainishaji, na pampu na sindano za nozeli zinalainishwa na dizeli yenyewe. Tatizo hili ni kubwa kiasi kwamba Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kemikali za kutambulisha mafuta, mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikatoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kuzuia uchakachuaji. Kagua maji pia: fungua koki ya chini ya filta, kinga kwenye chupa ya plastiki, acha itulie. Maji yakijitenga chini ya dizeli, mwonyeshe mteja chupa hiyo kabla hujamtajia bei ya nozeli mpya.